Mganga wako alipe nini? Nafasi, maharage, dadu, kauli na masharti

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, Mbeya ikiwa kwenye ile baridi yake ambayo chai inapoa kabla hujaifikisha mdomoni, dereva wa bajaji tunayecheza naye mchezo wa kusimulia hadithi mezani alisukuma karatasi ya mhusika wake mbele yangu akauliza, "Mkuu, huyu mganga wangu nuizo lake la leo limeisha. Sasa saa hizi yeye ni nani? Mzee mwenye fimbo?"

Sikuwa na jibu. Msimulizi nilikuwa mimi, na kanuni nilizichagua mimi. Zilikuwa za mtindo wa zamani, ambamo mganga wa ngazi ya kwanza, yaani anayeanza, ana nuizo moja tu, neno lake la uganga, kwa siku. Akishalitamka, anasubiri alale. Tangu siku ile tumejaribu mifumo mitano ya uganga kwa watu wale wale, na hapa ninailinganisha kwa ajili ya yeyote anayetaka kuanzisha meza yake, awe Mbeya, Mafinga, Njombe au popote atakapopata watu wanne na jioni moja.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mmoja anasimulia, wengine kila mtu anasema na kutenda kwa niaba ya mhusika wake, na jambo lisilo na uhakika linaamuliwa na dadu. Hakuna mshindi. Upanga hausumbui, maana kila mtu anajua unafanya nini. Lakini mtu anayewasha moto kwa neno, mipaka yake iko wapi? Kanuni ndiyo inayoiweka, na mipaka hiyo kwa kawaida ni bei: anatoa nini ili apate alichotamka. Mifumo yote ya uganga niliyoiona inatofautiana hapo tu.

Kabla ya bei, kuna jina. Mwanzoni tulikuwa tunasema "uchawi" bila kufikiri. Jioni moja mwenye nyumba alipita dirishani akamsikia dada anayeuza vipuri vya pikipiki akishangilia, "Nimemloga mmoja, sasa namalizia na mwenzake!" Kesho yake tukatafuta chumba kingine, ndipo dada huyo huyo akatupa nyuma ya duka lake Mwanjelwa, tukakaa katikati ya tairi na makopo ya oili mpaka leo. Siku hizi tunasema uganga, anayeufanya ni mganga, na maneno anayoyatamka ni manuizo. Si woga wa bure. Nchi hii ina Sheria ya Uchawi ya tangu mwaka 1928, na vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Kwa hiyo mfumo wowote tunaoutumia una makubaliano yanayotangulia dadu: hakuna kiungo cha binadamu kinachokuwa dawa, hakuna bibi wa jirani anayetuhumiwa, na mtu akisema "hapo tusiguse", tunaruka bila kumdadisi.

Ili nisionee mfumo wowote, niliipeleka yote kwenye tukio moja. Ni usiku, mvua ya Tukuyu inanyesha, ile isiyouliza msimu. Wahusika wanamalizia kuvuka Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mawe ya volkano juu ya mto Kiwira. Nyuma yao wanakuja askari wa kukodiwa kumi na wawili. Mganga amesimama kwenye mwisho wa daraja wanakovukia, na tangu asubuhi ameshatumia sehemu ya nguvu zake. Anawazuiaje, na kinamgharimu nini?

Nafasi

Huu ndio mfumo mkongwe na ndio unaojulikana zaidi, kwa sababu ni wa Dungeons & Dragons (D&D), mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wazo walilichukua kwenye hadithi za Jack Vance: mganga anapakia manuizo kichwani kama mtu anavyopakia mzigo, na akitamka moja linafutika. Katika kanuni za zamani ilibidi uamue tangu asubuhi unabeba lipi na mara ngapi. Ukibeba manuizo mawili ya kuzima moto na siku hiyo ukakutana na mafuriko, shauri yako.

Toleo la tano, la mwaka 2014, lililegeza. Sasa unaandaa orodha, kisha unalipa kwa nafasi, yaani haki ya kutamka nuizo mara moja, na kila nafasi ina daraja lake kulingana na ukubwa wa nuizo. Mganga wa ngazi ya tano ana nafasi nne za daraja la kwanza, tatu za daraja la pili na mbili za daraja la tatu. Vilevile ana manuizo madogo yasiyolipiwa, kwa hiyo swali la mzee mwenye fimbo limepata jibu: anarusha cheche mpaka kuche.

Pale darajani mganga wetu alikuwa na nafasi moja tu ya daraja la tatu. Akitamka mpira wa moto, anarusha dadu nane za pande sita, wastani wake 28, na moto unasambaa futi 20 kila upande kutoka pale ulipoangukia, yaani kama mita sita. Juu ya daraja jembamba hakuna pa kukwepea, na hata anayeukwepa anaumia nusu. Askari wa kukodiwa wa kawaida hawafiki upande wa pili.

Utamu haukuwa kwenye moto. Ulikuwa dakika kumi kabla yake, meza nzima ikibishana kama nafasi ile itumike sasa au itunzwe kwa kile tulichojua kinatungoja mbele. Muuguzi tunayecheza naye alitaka itunzwe. Dereva alisema tukifa hapa, hakuna mbele. Nafasi ni mshahara: tarehe mbili kila mtu mkarimu, tarehe ishirini na tano unahesabu nyanya. Kama kundi lako linapenda kupanga na kubana, sijaona mfumo unaoushinda huu. Tunatumia visoda vya rangi tatu, na mchezaji akitamka ananikabidhi kisoda mkononi. Ukikipokea, kuna kitu kinahamia upande wako, na yeye anakisikia kikiondoka.

Ubaya wake ni wa aina mbili. Wa kwanza: wachezaji hujifunza haraka kwamba dawa ya kila tatizo ni kulala. Nafasi zinarudi baada ya mapumziko ya saa nane, basi wanapigana mara moja, wanafunga mlango, wanalala, wanaamka wapya. Msimulizi asipowawekea jambo linaloharakisha, mashujaa wako watakuwa watu wa usingizi. Wa pili ni kwamba kutamka nuizo hakushindwi, hata kama adui anaweza kulikwepa. Uganga usioshindwa kamwe unakuwa kama tochi ya simu: unawasha, unazima, na hakuna anayeuogopa.

La kuongeza ni kwamba kanuni za msingi za toleo hili ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwezi Januari 2023. Mtu anaweza kuzitafsiri kwa Kiswahili, kuzibadilisha na hata kuziuza, ilimradi ataje zilikotoka. Hilo kwetu ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu vitabu vyenyewe kuvifikisha Mbeya ni gharama nyingine.

Maharage

Wengine wakaona madaraja ya nafasi ni usumbufu wa bure: mpe mganga pointi, kila nuizo liwe na bei, alipe anavyotaka. Ni LUKU. Una uniti zako, utapikia au utapigia pasi, ni wewe. Sisi pointi tunazihesabu kwa maharage, na ya Mbeya yapo ya kutosha.

Hata D&D ya 2014 ina kanuni ya hiari ya namna hiyo, na hapo ndipo mwalimu wa hesabu aliye ndani yangu alipokunja uso. Mganga yule yule wa ngazi ya tano anapewa pointi 27, na nuizo la daraja la tatu linagharimu pointi 5. Fanya hesabu. Kwa nafasi anarusha mipira ya moto miwili, na wa tatu akipata mapumziko mafupi. Kwa pointi anarusha mitano na chenji inabaki. Pale darajani alirusha miwili, wa pili kwa kujionyesha tu. Hatukubishana, hatukupanga. Kwa wanaotoka kwenye michezo ya kompyuta, waliozoea kile kipimo cha buluu kinachoshuka, mfumo huu hauhitaji maelezo, na hiyo ndiyo sifa yake kuu.

Ila kuna namna moja ya malipo haya ninayoiheshimu. Tunnels & Trolls, mchezo wa Ken St. Andre wa mwaka 1975, katika kanuni zake za mwanzo haukumpa mganga mfuko wa pembeni. Alilipa kwa nguvu zake mwenyewe za mwili, zile zile anazobebea silaha. Anatamka, anadhoofika, mkono unatetemeka, panga lililokuwa lake asubuhi jioni linamlemea. Hapo harage linageuka jasho. Na mchezo mzima unatumia dadu za pande sita tu, kwa hiyo vunja boksi la ludo la watoto, umeshaanza.

Dadu

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo meza yetu ilipopiga kelele kwa mara ya kwanza.

Wazo ni hili: mganga halipi kitu kabla. Anatamka, anarusha dadu, halafu ndiyo anajua amelipa nini. Namna nyepesi kabisa niliyoicheza ni ya Dungeon World, ya mwaka 2012. Dadu mbili za pande sita, unaongeza akili ya mhusika. Ukipata 10 au zaidi, nuizo limekubali. Ukipata 7 mpaka 9 limekubali lakini unachagua hasara: umejivutia macho ya jambo baya, au nguvu zako zinapungua makali mpaka utakapoandaa upya, au nuizo limekutoka kichwani. Chini ya hapo, msimulizi anatabasamu. Bila nyongeza yoyote, dadu mbili zinatoa 10 na kuendelea mara 6 katika mara 36, na 7 hadi 9 mara 15 katika 36. Yaani mganga asiye na nyongeza akifanikiwa, mara nyingi amefanikiwa kwa deni. Mchezaji anachagua deni lake mwenyewe, na hilo humzuia kumlaumu msimulizi.

Upande wa pili kuna Dungeon Crawl Classics, pia ya 2012, ambayo kila nuizo lina jedwali lake, dadu ya pande ishirini ikiamua kama umetoa moshi au umeangusha ukuta. Kuna kuharibika mwili, kuna kujichoma nguvu, wepesi au ustahimilivu ili upate nyongeza. Ni kitabu cha kurasa zaidi ya 400, na majedwali ya manuizo yanakula sehemu kubwa. Kinafurahisha sana kukisoma. Kukichezesha nyuma ya duka la vipuri, umeme umekatika na mshumaa mmoja, si kazi ya kumpa adui. Halafu kinataka dadu za pande 7, 14, 24, hata 30. Dukani Mbeya sijawahi kukutana nazo. Simu inaweza kurusha kwa niaba yako, lakini mganga anayetikisa simu hamtishi mtu.

Tulichokaa nacho ni mfumo wa dadu za uganga wa GLOG, kanuni za bure zilizosambaa mtandaoni katikati ya miaka ya 2010. Mganga ana dadu chache za pande sita. Akitamka nuizo anaamua atumie ngapi. Jumla ya zilizoangukia inaamua ukubwa wa jambo, idadi ya dadu inaamua vitu vingine kama muda. Dadu iliyoonyesha 1, 2 au 3 inarudi mkononi, ataitumia tena leo. Iliyoonyesha 4, 5 au 6 imekwenda mpaka kesho. Sasa sikiliza uovu wake: namba mbili zikifanana, kuna ajali. Tatu zikifanana, ni balaa kubwa zaidi.

Unaona kilichofanyika? Dadu nzuri ndiyo inayokuacha. Ukipata kubwa umepata nguvu sasa na umeikosa dadu mpaka kesho. Ukipata ndogo nuizo lako ni la aibu lakini bado una dadu. Na kila dadu unayoongeza inakusogeza kwenye ajali kwa kasi usiyoitarajia. Kwa dadu mbili, uwezekano wa kufanana ni 1 kwa 6. Kwa tatu ni 96 kwa 216, asilimia 44. Kwa nne umeshapita asilimia 72. Dada wa vipuri, ambaye hesabu alizikimbia kidato cha pili, aliielewa mantiki hii vizuri zaidi kwa jioni moja tu kuliko wanafunzi wangu kwa muhula.

Darajani, dereva wa bajaji alikuwa na dadu tatu zilizobaki na nuizo la ukungu tulilolitunga wenyewe: jumla ni upana kwa mita, idadi ya dadu ni muda kwa dakika. Dadu moja isingetosha. Mbili, labda. Akazichukua zote tatu, akazipulizia, akazirusha juu ya kopo la oili. Nne, nne, mbili. Ukungu wa mita kumi kwa dakika tatu, mzito kama ule unaokaa juu ya ziwa Ngosi asubuhi, na askari kumi na wawili wakaanza kuitana majina katikati ya daraja. Halafu zile nne mbili. Tukasoma jedwali la ajali: amepoteza sauti mpaka jua litoke. Mganga asiye na sauti, kundi linalotegemea maneno yake, na usiku mzima bado uko mbele. Muuguzi alicheka mpaka akatoka nje. Kwa saa mbili zilizofuata dereva alicheza kwa ishara za mikono, na hakuna kanuni iliyomlazimisha.

Ubaya? Mchezaji anayependa mipango atachukia. Na ajali zikiwa nyingi zinakuwa vichekesho, ambapo hadithi ya huzuni haiwezi kusimama. Mganga anayeota mkia kila wiki hana msiba unaoweza kumgusa mtu.

Kauli

Mwaka 1987 Jonathan Tweet na Mark Rein·Hagen walitoa Ars Magica, mchezo uliowekwa kwenye Ulaya ya kubuni ya karibu mwaka 1200, na hawakumfunga mganga kwenye orodha ya manuizo. Badala yake kuna vitenzi vitano vya Kilatini, kuumba, kutambua, kubadili, kuharibu na kutawala, na nomino kumi: wanyama, maji, hewa, mwili, mimea, moto, taswira, akili, ardhi na uganga wenyewe. Unaunganisha kitenzi na nomino, unapata jambo. Kuumba moto. Kutambua akili. Jozi ni 50, na kila jozi ina mambo yasiyohesabika ndani yake. Utafiti wa mganga unahesabiwa kwa misimu: ukiamua kusoma, msimu umekwisha. Kwa watu waliokulia kwenye nyumba ambamo kila kitu, mpaka ada ya shule, kinasubiri mavuno, hilo halikuhitaji kuelezwa.

Tatizo ni Kilatini. Mwanafunzi wa chuo tunayecheza naye, anayesoma isimu, ndiye aliyesema, "Kwani sisi hatuna kauli?" Alimaanisha kauli za vitenzi: kutenda, kutendea, kutendana. Hapo tukakaa majuma matatu tukitengeneza toleo letu, na nitalieleza kwa sababu sijaona mtu mwingine akilifanya.

Mganga anaanza na mizizi mitatu ya vitenzi na nomino tatu. Akijua mzizi, anaruhusiwa kuunyumbua. Akijua funga, anaweza kufungua, maana kutendua kumo ndani ya mzizi ule ule. Akijua tega, anaweza kutegua. Ziba, zibua. Fuma, fumua. Hata loga lina logoa yake. Kila kauli anayoiongeza inagharimu harage moja zaidi: funga ni moja, fungia ni mawili, fungiana ni matatu. Na kinachotokea ni kile neno linachosema, si zaidi.

Darajani mwanafunzi alikuwa na funga na nomino daraja. Akafunga daraja. Ukuta wa hewa, askari wakagonga. Ila dada wa vipuri, yaani mhusika wake, alikuwa bado yuko juu ya daraja, nilikuwa nimesahau kuwakumbusha. Mwanafunzi akafikiri, akasema, "Basi siwafungi nje. Nawafungia." Ukimfungia mtu unamweka ndani. Akaacha upande wetu wazi, akawafungia wale upande wao, dada akapenya. Tofauti ya silabi moja. Meza nzima ilinyamaza, na ni kimya ambacho sijakipata kwenye mfumo mwingine wowote.

Lakini uuchague ukijua. Unakwenda polepole. Msimulizi anaamua kila mara kama jambo linaruhusiwa, na mabishano hayaishi: daraja la mawe ni ardhi au ni jengo? Mwenye maneno mengi anatawala. Tulipopata mgeni kutoka Tanga alitugeuza watoto wa chekechea, ananyumbua vitenzi ambavyo sisi wa huku juu tunavisikia kwenye taarabu tu. Dereva wa bajaji, ambaye ni hodari kwenye dadu, kwenye kauli alikaa kimya usiku mzima. Mfumo unaomnyamazisha mtu mmoja kati ya wanne, sijui kama naweza kuuita bora, ingawa kwa moyo wangu ndio ninaoupenda.

Masharti

Wa tano hauna hesabu yoyote. Mganga ana nguvu kubwa, anaitumia bila kikomo, ila anaishi chini ya masharti. Akivunja sharti, nguvu inaondoka mpaka atakapotengeneza.

Kwenye michezo wazo hili si geni. Katika RuneQuest, mchezo ulioanza mwaka 1978, wafuasi wa Humakt, mungu wa kifo, hupokea zawadi pamoja na miiko. Ila kwetu halihitaji kitabu. Kila mtu hapa amesikia dawa inayotolewa na maelekezo: usigeuke nyuma, usisalimiane na mtu njiani, usivuke maji kabla ya jua kutoka. Mimi kama mchezeshaji navutiwa na jambo moja: dawa ikishindwa, haisemwi kuwa ni mbovu, inasemwa kuna sharti lilivunjwa. Kushindwa tayari kuna hadithi ndani yake.

Na tukachukua kitu kingine karibu na nyumbani. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, waliandika juu ya imani kwamba baadhi ya watu wana chatu tumboni, na kwamba watetezi wa kijiji wana nguvu ya asili hiyo hiyo, wakiitumia kulinda. Waliandika pia juu ya pumzi ya watu: hasira ya haki ya majirani inaweza kumdhuru mkosaji. Yaani nguvu ni moja, kinachotofautisha ni kama jamii imekubali. Tukaifanya kanuni: mganga akitaka kufanya jambo kubwa kuliko kawaida yake, wachezaji wengine wapige kura. Wakikubali, pumzi yao iko naye. Wakikataa naye akafanya, sharti limevunjika hapo hapo.

Muuguzi ndiye aliyecheza darajani. Mganga wake aliweza kusimamisha mto Kiwira wenyewe upande wake, maji yakasimama kama ukuta juu ya daraja, bila dadu, bila harage. Sharti lake moja lilikuwa asigeuke nyuma akiwa kazini. Basi nikafanya ambacho msimulizi yeyote angefanya. Nyuma yake, gizani, sauti ya mama yake, aliyekufa kwenye kikao cha tatu, ikamwita kwa jina la utotoni.

Hakugeuka. Alikaa karibu dakika nzima ameshika kikombe, hajasema kitu. Halafu akasema, "Naendelea kushika maji."

Hakuna dadu inayofanya hivyo. Ila ni mfumo hatari kwa msimulizi mwenye roho mbaya, na ni mfumo mbovu kwa msimulizi mwenye roho nzuri kupita kiasi. Sharti la kutokula nyama ya mamba halina kazi Mbeya. Mwaka mzima halijaguswa. Sharti la kutosema uongo, kwa kundi la wezi, ni jela. Tunatumia matatu: moja linaloguswa kila kikao, moja linaloguswa mara chache, na moja ambalo mchezaji anaandika kwenye karatasi na kumpa jirani yake, mimi nisilione.

Na kuna waliokataa. Kijana mmoja mlokole alicheza nasi miezi mitano kwa furaha, lakini tulipofika kwenye masharti akasema hapana, hiki kimekaribia mno na mambo anayoyajua kijijini kwao. Kwenye nafasi hakuwa na shida. "Zile ni hesabu tu, Mwalimu," aliniambia, na nilimwelewa. Nafasi ni za mbali, hazimkumbushi mtu yeyote ndugu yake yeyote. Ukiwa na watu wa imani tofauti tofauti mezani na hamjazoeana, umbali huo ni sababu tosha ya kuanza na D&D, hata kama wewe mwenyewe inakuchosha.

Kwa meza mpya isiyo na hofu hiyo, mimi ningeweka dadu za GLOG usiku wa kwanza. Zinafundishika kwa dakika tano, boksi la ludo linatosha, na mtu atacheka kabla ya saa moja kuisha. Maharage ya kawaida ningeyaruka, isipokuwa ya namna ya kulipa kwa mwili. Kauli zisubiri mpaka ujue nani ni mwepesi wa maneno na nani anahitaji kungojewa. Masharti yaje mwisho, mkishaaminiana. Kuchanganya kunawezekana: sasa hivi mezani kwetu mganga mmoja ana dadu, mwingine ana masharti, na hawagombani. Nafasi na pointi tu ndizo sijaweza kuziweka pamoja, kwa sababu mwenye nafasi hujiona amepunjwa, na kihesabu amepunjwa kweli.

Dereva wa bajaji ameshahamia kwenye masharti. La kwake linaloguswa kila kikao ni kwamba mganga wake haruhusiwi kupokea malipo baada ya jua kuzama. Jumamosi iliyopita chifu alimpa ng'ombe kumi, saa mbili usiku, mbele ya watu wote, na kumkatalia chifu zawadi yake ni tusi. Alikuwa bado anafikiri mlinzi alipokuja kufunga geti.